Mjukuu Wangu Anauliza Kama Pigo la Mwisho Lilikuwepo

Admin, ficha jina langu. Shikamoo sikupi, nina miaka sabini na moja, wewe ndiye wa kuniamkia. Shule sikuingia hata siku moja. Haya anayaandika jirani yangu muuza uji, mimi naongea yeye anabonyeza. Naishi upande wa Kharumwa, nalima mpunga na viazi.

Nina mjukuu wa kike, nimwite Kabula, ana miaka ishirini na minne. Nimemlea mwenyewe tangu baba yake, mwanangu wa kwanza, alipofia duarani, shimo la machimbo, kule Rwamgasa akichimba dhahabu. Sasa Kabula yuko Kambarage, Shinyanga mjini. Yeye na wenzake watatu wanapiga muziki wa magitaa mazito, wenyewe wanauita metali. Si wa kucheza. Unaenda polepole kama ng'ombe anayevuta jembe kwenye tope, halafu Kabula anapaza sauti juu yake mpaka mwili unasisimka. Watu wa jumuiya ya kanisani wakaniambia, "Bibi, huyo mtoto kaingia kwa shetani." Nikawajibu, "Shetani gani anayekuja kila mwezi kunifulia mablanketi? Wenu walioko kwaya mbona hawaji kwenu?"

Wiki hii kaja na spika. "Bibi, albamu yetu ya kwanza imekamilika. Nyimbo nane. Kaa usikilize."

Wimbo wa kwanza tu, kuku wangu aliyekuwa analalia akatoka mbio. Tulicheka! Kuna wimbo wa zimwi lililomeza kijiji, hadithi niliyompa mimi mwenyewe jikoni. Nikavimba kichwa.

Kisha ukaja wa mwisho. Gitaa likapiga mara tatu, zito, taratibu, likanyamaza. Mara tatu, likanyamaza. Kikombe kikanitoka mkononi.

Hayo mapigo nayajua. Duara lilipoporomoka, mwanangu alibaki chini, akawa anagonga bomba la hewa kwa nyundo. Mara tatu, anapumzika. Siku mbili niliweka sikio kwenye lile bomba, Kabula wa miaka sita kanishika gauni. Wadogo zake wawili, wanangu pia, walikuwa ndani wanachimba kumfuata. Siku ya tatu alfajiri mapigo yakakoma. Mchana udongo ukaanza kupasuka mdomoni mwa duara. Msimamizi akaniuliza, "Mama, wewe ndiye mwenye mtoto. Bado anagonga?"

Nikasema, "Amenyamaza. Nitoleeni hao wawili." Sikudanganya. Wakatoka.

Kamba zilipokuwa zinakunjwa, bomba likalia, mimi na Kabula tu ndio tuko kando yake. Mara moja tu.

Nikawatazama wanangu wamekaa chini, udongo mpaka kwenye meno, wanatetemeka. Ningesema neno wangerudi ndani. Nikafunga mdomo. Kabula akasema, "Bibi, baba!" Nikamvuta mkono: "Ni mawe yanashuka. Twende." Duara likafukiwa, mwanangu humo.

Miaka kumi na minane sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio; huyu muuza uji ndiye wa kwanza kusikia.

Na huo wimbo unavyoisha sasa! Gitaa linanyamaza kabisa, unadhani basi, halafu pigo moja. Kabula akanikumbatia, akidhani nalia msiba. Akaniambia, "Bibi, hilo la mwisho wenzangu wananiuliza limetoka wapi. Mimi nalisikia kichwani tangu utoto. Lilikuwepo kweli, au ni mawe kama ulivyosema? Kama ni mawe nalifuta, sitaki kumsingizia baba. Jumamosi tunaiweka mtandaoni."

Nikamwambia, "Nitakujibu." Anapiga simu kila siku, mimi namwongelesha habari za mvua.

Nikisema ni mawe, namnyamazisha mwanangu mara ya pili. Nikisema lilikuwepo, Kabula atajua bibi yake alimwacha baba yake akiwa hai. Na baba yake mdogo, mmoja wa wale wawili, anayekula ugali kwangu kila jioni na watoto wake watano, atajua kwa nini yeye yupo hai.

Kibaya zaidi, nikirudishwa pale leo, wale wawili wanatetemeka mbele yangu, nitafunga mdomo vilevile. Hilo nalo nimwambie?

Wanangu mnaonisoma, mtanitukana baadaye, nipo. Jumamosi ni keshokutwa na simu inaita sasa hivi, ni yeye. Nishaurini, nimjibu nini huyu mtoto?