Historia Iliyokatwa Kati

Ramadhani iliyopita shemeji yangu alituletea kutoka Dar es Salaam kitabu kinene cha historia ya siasa za mwambao. Mimi na mume wangu sote tulikitaka. Nilipokificha ndani ya debe la mchele, alikipata, akaenda nacho kazini.

"Basi tukigawe," alisema jioni yake, akachukua kisu cha mkate na kukipasua kitabu mgongoni. Nilipiga ukelele kama vile kachinja paka. Yeye akashika nusu ya mwanzo, mimi ya mwisho.

Tangu hapo hatukufuturu kimya. Yeye aliwajua viongozi walivyopanda, mimi nilijua walivyoanguka.

"Huyu bwana mwema sana," alisema siku moja. "Kawajengea watu skuli."

"Mwema? Ngoja ufike kwangu umuone anavyowafunga rafiki zake."

"Usinambie, mke wangu! Nshaanza kumpenda."

Tulipobadilishana nusu, nilimkuta bwana yule angali kijana, anazunguka vijijini kufundisha watu kusoma, na moyo wangu ukamlainikia. Mume wangu naye kwa upande wake alishamchukia kabisa. Tukaendelea kubishana, ila sasa mimi ndiye niliyekuwa nikimtetea.

Mama mkwe, tunayeishi naye hapa Kikwajuni, alichoka.

"Nisomeeni na mimi tangu mwanzo," alisema, "kisha ntawaambia nani mkweli."

Sasa tunamsomea kila alasiri kwa zamu. Tumeshafika katikati, na hajampenda kiongozi hata mmoja.