Matundu ya Mtaalamu

Mjomba wangu alijipachika mwenyewe jina la Mtaalamu, nasi tukamwachia, maana kubishana naye ni kujitafutia maumivu ya kichwa. Hakukosa mkutano wa wakulima hata mmoja. Alisimama, kitambi mbele, akahubiri dawa ya wadudu ya mwarobaini, pilipili na kitunguu saumu utadhani yeye ndiye aliyeviumba. Mchi wenyewe hajawahi kuushika.

Aliyetwanga ni mama, dada yake. Aliloweka majani ya mwarobaini usiku kucha, akayachuja kwa kitambaa, akatia sabuni kidogo, akanyunyiza jua likishapoa. Matuta yake yalipakana na ya kaka yake. Kabichi zikatoka safi, majani mazima, nami nikajua mpishi wa shule ya chekechea angezichukua zote, kwa kuwa alitaka mboga zisizo na sumu ya dukani. Asipozichukua yeye, zingetuozea.

Siku ya kununua, mpishi alizigeuza geuza, akakunja uso.

"Mama, mbona hazina hata tundu? Hizi umezipiga sumu."

Akavuka kwa Mjomba. Kule matundu yalikuwa tele.

"Unaona?" Mjomba akatamba. "Wadudu wamekula wakashiba. Asili tupu!" Mpishi akaanza kuzitia kapuni.

Wadudu gani! Asubuhi ile nilimwona kwa macho yangu, kachuchumaa, anatoboa majani kwa kalamu. Matundu yote saizi moja, ya duara. Kiwavi wa wapi anatafuna kwa bikari? Na chupa ya sumu ya dukani aliificha chini ya gunia, shingo yake bado imelowa. Nilimdharau hadi nikaona haya kuwa na pua kama yake. Nilipofungua mdomo niseme, mama akanikanyaga mguu.

Alichuma jani la kabichi yake, akalisuuza, akalitafuna mbele ya mpishi, akameza. Kisha akachuma jingine upande wa pili, lenye matundu, akalisuuza vilevile, akamnyooshea Mjomba.

"Na wewe kula, kaka. Mchana watoto watakula hizi hizi."

Mjomba alilipokea. Akalitazama. Akameza mate.

"Dada, unajua jino langu hili..."

Mama akampokonya jani kabla hajamaliza, akalitupa. Mpishi alikuwa ameshainama, anazitoa kabichi za Mtaalamu kapuni. Wiki iliyopita alinunua kwake, na watoto walikula.