Chupa ya Mwanaidi

Mpaka leo, nikishika kikombe cha maji nachungulia kwanza.

Miaka ile ya Azimio la Arusha nilifundisha sayansi darasa la tano, hapa Kariakoo. Tulipofika somo la mbu, nikaagiza kila mtoto alete viluwiluwi kutoka kwao, ndani ya chupa. Kwa kujitapa nikamwalika na bwana afya wa mtaa aje kushuhudia.

Chupa zikapangwa mezani. Nyingi zilikuwa na viluwiluwi viwili, vitatu. Ya Mwanaidi ilikuwa imejaa, maji yanachezacheza kama yanachemka jikoni. Moyoni nikafurahi, maana Mwanaidi ni binti wa mama mwenye nyumba niliyopanga, na mama huyo alikuwa akinisema kila siku kwamba sifagii zamu yangu uani.

Nikaiinua chupa juu.

"Tazameni jinsi watu wavivu wanavyofuga malaria. Mwanaidi, simama uwaambie wenzako umevitoa wapi."

Mtoto akasimama, akatazama sakafu. "Naogopa, Mwalimu."

"Sayansi haina woga. Sema."

"Uani nilitafuta kote, sikupata hata kimoja. Hivi nimevichota kwenye mtungi wako, Mwalimu. Ule wa maji ya kunywa, ulioko mlangoni kwako, usio na kifuniko."

Bwana afya akafungua daftari lake taratibu, akaniuliza jina langu kamili.

Nikaishusha chupa mezani. Asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika, na nilikuwa nimekunywa vikombe viwili gizani.