Swali Nililolicheka Korogwe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nilikuwa msichana, naishi na kaka yangu Mbwana kwenye kambi ya mkonge, Ngombezi. Yeye alimsaidia fundi wa korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge. Ikigoma, Mbwana aliisikiliza tu, akajua ubovu uko wapi.

Zikaja habari kwamba Serikali inaandika vijana wa jeshi Korogwe. Walitakiwa maelfu, wa Tanganyika, Kenya, Nyasa, kote. Kaka akaamua kwenda, nami nikamfuata. Nilikuwa na hamu ya kuwaona hao wanaokwenda nchi za watu.

Uwanjani tulikuta meza, karani, na afisa wa Kizungu. Foleni ilikwenda haraka: jina, kidole kwenye wino, pita. Mbele ya kaka alikuwapo kijana wa Kizigua kutoka Handeni, jina lake Mhina. Huyu hakutoa kidole. Aliuliza wanapelekwa wapi, kwa muda gani, na watafundishwa kazi gani.

Karani akamwambia asiwacheleweshe wenzake. Mimi nikacheka, tena kwa sauti, nikasema huyu anaogopa, arudi kwa mama yake. Uwanja mzima ukacheka. Mhina akasogezwa pembeni. Kaka akasogea mezani, akatoa kidole bila neno, akaandikwa mchukuzi.

Mhina hakuondoka. Alirudia maswali yake yale yale, taratibu, mpaka afisa akataka kujua kuna nini. Wakasemezana na karani. Ndipo karani akatangaza kwamba wanatakiwa pia vijana wanaojua mashine kidogo, wafundishwe redio na simu za jeshi. Mhina akatoa kidole, akaandikwa huko. Kaka akarudi mezani mbio. Akaambiwa aliyekwisha kuandikwa hafutwi.

Wote wawili walipelekwa Burma. Vita vilipokwisha, Mhina alirudi akijua kutengeneza redio, akaweka meza yake kwenye baraza ya duka la Mhindi pale Korogwe. Kaka alirudi na bega lililoharibika kwa kubeba makasha ya risasi milimani. Hata nyundo hakuweza kuinua.

Siku moja tulipita hapo barazani, tukakuta redio imefunguliwa. Kaka aliinama muda mrefu, akiuliza waya huu unakwenda wapi, kile cha kioo kinafanya nini. Mhina alimjibu yote kwa upole. Njiani nikamuuliza kaka kwa nini hakuuliza siku ile.

"Swali nilikuwa nalo," akasema, "lile lile la Mhina. Nikaona unavyomcheka."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, ningekwisha kuisahau.

Sasa nasikia na ninyi mnaitwa huko ng'ambo, kwenye viwanda vya silaha na mitambo. Sikuzuii, mwanangu. Kutaka kujua dunia si kosa, hata mimi nilitaka. Lakini kabla hujatia sahihi, uliza kazi ni ipi, ni ya muda gani, na utarudi unajua nini. Jibu lisipokuridhisha, uliza tena. Na mwenzako akiuliza, usimcheke. Huenda aliye nyuma yake analisubiri jibu hilo hilo.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie kinywa mbele ya wakubwa, na akurudishe kwetu na mikono yako miwili mizima.