Nyuki wa Boksi la Taa za Majengo

Saa saba mchana nilikuwa nimezama mpaka utosini ndani ya pipa la maji ya kuoshea pikipiki, Majengo, Mpanda mjini, na king'ora kinalia kama kimefiwa. Kila nikitoa pua kuvuta hewa, nyuki ananidunga. Juu yangu taa zote za barabarani zinawaka, na jua nalo linawaka. Miaka thelathini narina asali Ugalla, sijawahi kukimbia nyuki. Siku hiyo nilikimbia, na watu wakapiga picha. Waliosababisha ni wawili na nitawataja.

Nianzie nyumbani. Nyie wenzangu wa Ugalla mnaujua ule moto wa kiangazi, wa Masalu, aliyechoma msitu ili ng'ombe zake zipate majani mabichi. Nyuki wangu wote walihama. Basi aliponipigia simu Deusi, mwenyekiti wa mtaa kule Majengo, kwamba kundi kubwa la nyuki limehamia kwenye boksi la chuma linaloongoza taa zao, na taa zimezimwa kwa kuogopa nta isije ikayeyuka ikashika moto kwenye nyaya, niliuliza jambo moja tu.

"Nikiwatoa, ni wangu?"

"Wako wote, mzee wangu. Na malkia juu."

Alfajiri nikaondoka. Mke wangu aliufunga mzinga mtupu kwa mpira nyuma ya pikipiki ya Shija, bodaboda wetu wa kijijini.

"Baba Modesta," akasema, "usinirudishie mzinga mtupu. Nimechoka kulea mbao."

Njiani mzinga ulikaa kama abiria wa tatu, tena mnene. Kila tukiruka shimo unanigonga kisogoni. Shija anacheka tu: "Vumilia mzee, unakukumbusha ulichofuata." Tulipofika lami nilikuwa na nundu. Hiyo nundu simdai mtu.

Saa tano tukaingia Majengo. Boksi limesimama chini ya nguzo, limepigwa kufuli, nyuki wanaingilia tundu la waya. Ndani pakavu, pana joto, pana giza. Hata mimi ningehamia. Deusi akanieleza kwamba taa zao siku hizi zina akili. Ng'ambo ya barabara kuna ofisi, ndani kuna kompyuta moja, na mbele ya kompyuta kuna Injinia Fidelisi. Huyo anaiona kila taa, anaiwasha, anaizima, anaipunguza mwanga kama hapiti mtu, bila kunyanyuka kitini. Ukifungua tu mlango wa boksi, kompyuta inamwambia.

Mimi nimeishia darasa la nne, ila nyuki nawajua. Nikasema tusubiri jioni, wakisharudi wote na kutulia.

"Haiwezekani, mzee. Fidelisi anatoka kazini saa tisa na nusu, na bila yeye taa haziwaki tena."

"Taa za usiku, mwangalizi anaondoka mchana?"

"Ndo utaratibu."

"Na huyo Fidelisi anajua tunafungua?"

"Taarifa nimeshatoa," akasema Deusi, huku ananyoosha tai.

Nikapuliza moshi taratibu, kwa subira, mpaka mvumo ukashuka. Deusi akafungua kufuli. Masega meupe yananing'inia katikati ya nyaya, mazuri mpaka nikamkumbuka mke wangu. Malkia nikamwona, mrefu, mwekundu kidogo. Nikaanza kumsogeza kwa unyoya wa kuku. Kilibaki kiganja kimoja aingie mzingani.

Ndipo king'ora kikalia, na taa zote zikawaka, mkono wangu ukiwa katikati ya nyaya!

Nyuki walitoka kama pilipili iliyomwagwa hewani. Deusi aliacha kiatu. Shija aliingia duka la vitenge akajiviringisha doti nzima. Mimi nikaliona pipa.

Nyuki walipoondoka nilivuka barabara, maji yananichuruzika, mdomo wa juu umevimba mpaka unaziba pua. Fidelisi alikuwa nyuma ya kioo, amefunga dirisha.

"Kompyuta iliandika mwizi," akasema. "Nikabonyeza."

"Deusi si alitoa taarifa?"

Deusi, mguu mmoja peku, akakohoa. "Nilimwambia mlinzi wa geti."

"Fidelisi, dirisha lako linatazama boksi, hata hatua thelathini hazifiki! Hukuniona?"

"Mzee, kazi yangu ni kutazama kompyuta."

Jioni tukarudi Ugalla. Malkia alikuwa ameruka na kundi lote, na mzinga mtupu ukanigonga kisogo kilekile. Shija hakucheka tena, sikio lake lilikuwa la tembo. Nyumbani mke wangu aliutazama mzinga kabla ya uso wangu. "Mbao zimerudi," akasema, akaenda kunichemshia maji.

Nilichojifunza ni hiki. Nyuki mlinzi, kabla hajauma, anakugonga usoni kwanza, kama anauliza unataka nini. Fidelisi na kompyuta yake hawaulizi.

Juzi Deusi kapiga simu tena. Kundi langu limeonekana. Limeingia ofisini kwa Fidelisi, kwenye kiyoyozi, juu ya kompyuta. Hakuna anayethubutu kuingia kuzima, kwa hiyo taa za Majengo zinawaka usiku na mchana. "Njoo mzee, tunakupigia magoti."

Hao nyuki ni wangu, niliahidiwa, na nitawafuata. Lakini kwanza Fidelisi apande pikipiki ya Shija, ule mzinga ukimgonga kisogoni, aje mpaka Ugalla, akae mbele ya mke wangu ajibu: kwa nini hakugeuza shingo akatazama nje? Na Deusi aje naye. Avae viatu vyote viwili.