Pima Mbili za Kamba

Sisi tuliokulia Longech enzi redio moja ikisikilizwa na kijiji kizima tunajua jambo ambalo watoto wa siku hizi hawatalijua: muziki ulikuwa na harufu. Wetu ulinuka samaki. Ngoma ilikuwa kreti ya samaki iliyovunjika ubavu, na kayamba ilikuwa kopo la mafuta ya kupikia lililojaa changarawe. Tulicheza juani, miguu ikirukaruka kwa mchanga wa moto, matumbo yakiwa na ugali wa manjano wa msaada na kipande cha samaki mkavu. Mkiona tulikuwa wembamba kwenye picha za shule, si mtindo. Ilikuwa njaa.

Mwalimu wetu alisema Longech si kisiwa, ni ulimi tu wa mchanga ulioingia ziwani. Tulikataa. Redioni tulisikia kwamba reggae ilitoka kisiwani, kwa hiyo na sisi lazima tuwe watu wa kisiwa, ramani ipende isipende. Tukajiita Wana wa Kisiwa. Wa kudumu tulikuwa wawili: mimi mwimbaji, na Ekai, mtoto wa jirani, mpiga besi. Wengine walikuja na kuondoka.

Besi yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lililopinduliwa, fito moja, na uzi mmoja. Uzi wa nyavu ulikatika kila siku. Mimi nilitaka sauti ya kupiga tumboni, kama ile ya redioni. Basi mchana mmoja, wanaume wakiwa wamelala kivulini, nilichukua kisu cha kuparia samaki nikakata pima mbili za kamba ya nanga kwenye mashua ya baba yake Ekai. Kamba ya nailoni, ya buluu, ngumu. Ekai nilimwambia nimeiokota ufukweni.

Mama yangu alikuwa akiniambia kila mara, "Akiru, kitu ya kuenda ziwani wacha. Usiguse." Nilidhani anasema nyavu tu.

Jioni ile sanduku liliunguruma hadi wazee wakatoka kuangalia. Baba yake Ekai, mtu mrefu asiyecheka ovyo, alichutama karibu nasi, akaitazama besi kwa muda, kisha akaanza kujipigapiga paja akifuata mdundo. Nilijiona mtu mkubwa sana. Sijawahi tena kufurahi hivyo, na ninachukia kwamba nilifurahi.

Siku ya nne asubuhi upepo ulitoka kusini ghafla. Mashua nyingine zilitia nanga zikangoja upungue. Nanga ya baba yake Ekai haikushika. Iliokotwa upande wa Kataboi ikiwa imepinduka, yeye hakuonekana hata leo. Watu walisema ni upepo. Lakini nilikuwa nimesimama pale mashua iliporudishwa, nikamsikia mvuvi mmoja akiinua nanga na kusema, "Hii kamba mbona imekuwa fupi?" Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba yetu nikajificha.

Bendi haikufa. Hilo ndilo la ajabu. Tulipomaliza shule tulihamia Lodwar, tukapiga reggae harusini na kwenye kampeni za wanasiasa ambao hatukuwapigia kura. Baadaye tukaenda Kakuma, na huko tukampata Bahati, mkimbizi kutoka Kongo, aliyekuwa na gitaa la umeme na spika iliyopasuka. Wageni wa shirika moja wakasikia ule mkwaruzo wakashangilia, wakasema tumechanganya reggae na rock. Bahati akacheka: "Hapana rock, ni spika yenye ilipasuka." Lakini jina likashika, na spika hatukuitengeneza tena. Mashirika yalipotulipa, tukaimba hadi reggae ya kunawa mikono. Ndiyo, ndugu zangu, tumeimba.

Ekai alipopata gitaa halisi la besi alitupa lile sanduku. Kamba hakuitupa. Aliigeuza mkanda wa gitaa, na kila tulipopanda jukwaani niliiona ile buluu iliyofifia ikimkata begani. Miaka yote hiyo niliimba nikiwa nimempa kisogo. Watu walidhani ni madaha ya msanii.

Mwaka jana kifua kilimlaza nyumbani kwake Lodwar. Nilikwenda mchana, nikakaa kwenye kigoda kando ya mkeka wake, nikamsalimu kwa lugha yetu.

"Ejok, Ekai."

"Ejok noi. Leo hauimbi?"

Nikamwambia. Kisu, pima mbili, uongo wa ufukweni, yote. Nilikuwa tayari anifukuze. Alikohoa, akapangusa mdomo.

"Akiru, mimi najua tangu zamani. Baba alijua."

"Alijua nini?"

"Hiyo jioni mlipoenda, alishika hiyo kamba akaniambia, 'Hii ni ya kwangu. Lakini inalia vizuri. Wacha ikae, nitatafuta ingine Kalokol.' Hakupata siku ya kuenda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuimba."

Nililia pale kama mtoto, naye akanitazama tu. Afadhali angenitukana. Alikufa kabla ya mvua kunyesha, na mkewe akanipa ile kamba bila kuniuliza chochote.

Sasa mpwa wangu ana bendi yake Kakuma. Besi iko ndani ya simu: anagusa kioo, nyumba inatetemeka. Betri ikiisha, bendi nzima inakaa chini kutafuta chaja. Vijana safi, hawanuki samaki, na hakuna anayewaambia wasiguse kitu. Juzi aliniambia, "Aunty, hii kamba si utupe? Inakaa vibaya kwa ukuta."

Nimeiacha pale pale ukutani. Ziwa limepanda na kuukata ule ulimi wa mchanga, Longech sasa ni kisiwa kweli, na mahali tulipopigia liko chini ya maji. Mpwa wangu ana sauti nzuri kutuzidi, nakubali. Ila yeye akitaka besi hubonyeza. Enzi zetu, besi ikilia, kulikuwa na mashua iliyopungukiwa kamba, na mwenye mashua amechutama karibu, anajua, anatupigia paja.