Sauti Safi ya Nasriya

Tuseme ukweli: Nasriya hakuipata kazi ile kwa uhodari wa Kiarabu. Mwaka wa themanini na nane Kiarabu chake kilikuwa cha mtoto aliyelelewa nyumba ya Kizanzibari hapa Maskati, na pale studio, Ruwi, walimcheka waziwazi. Alichukuliwa kwa sababu alijua kulia. Walikuwa na katuni ya Kijapani ya kutiwa maneno ya Kiarabu, na shujaa wake ni Kenta, mtoto yatima wa miaka kumi, ambaye hakipiti kipindi bila yeye kulia. Wasichana watatu wenye Kiarabu cha kitabuni walijaribishwa, wakalia kama wanaosoma khutba. Nasriya akalia mpaka mleta chai akachungulia mlangoni kuuliza nani kafa.

Basi akawa Kenta miaka thelathini na sita. Kiarabu kikanyooka, waliomcheka wakanyamaza. Aliolewa akiwa Kenta, akaachwa akiwa Kenta. Alimzika baba yake asubuhi, na mchana akenda kukicheka kicheko cha Kenta, maana siku hiyo Kenta alikuwa kapata baiskeli. Watoto wa nchi ngapi sijui walimpenda, na jina lake halikuandikwa mwisho wa katuni hata mara moja, kwa sababu baba alikataa tangu mwanzo, na alipokufa baba hakuna aliyekumbuka kuuliza tena.

Mtu pekee aliyekuwa naye kazini kikweli hakuwahi kumwona. Ni mwanamke wa Japani, yule aliyemsemea Kenta kule kwao. Nasriya alimsikia masikioni kila wiki, akimfuata pumzi kwa pumzi. Alijua lini kashikwa na mafua, lini kachoka, lini analia kweli na si kwa kuigiza. Walizeeka pamoja, Kenta akabaki wa miaka kumi. Halafu mwaka wa thelathini wa kazi, asubuhi moja, ikatoka sauti nyengine, ya msichana. Nasriya akavua vile vya masikioni. Aliuliza kwa kila mtu: yule bibi kafa, kastaafu, anaumwa? Hakuna aliyejua, na lo, hakuna hata aliyeona kuwa sauti imebadilika. Aliumia kama aliyefiwa, na hakuwa na wa kumpa mkono wa pole.

Ikaja zamu yake. Miaka miwili alikohoa, sauti ikawa ya kukwaruza, studio wakamtafutia Kenta mwengine. Dakta Ayman akamwambia ni saratani, na dawa ni kulitoa koromeo lote. Atapumulia tundu la shingoni.

"Na sauti?" Nasriya akauliza.

Dakta akazitazama karatasi zake. "Itakwenda nalo."

Mwengine angejililia mwenyewe. Nasriya alimfikiria mama yake. Bi Hajar alikuwa na miaka themanini na tano, yuko naye kwenye nyumba yao ya Matrah, macho yameliwa na kisukari mwaka wa tisa huo, na akili nayo imeanza kuchopoka. Kwake yeye, mtu ni sauti. Asiyesema hayupo. Akiipoteza sauti ya mwanawe wa pekee, basi mwanawe kafa, na huyu mwanawe atakuwa amekaa pale pale anatazama.

Akaandika orodha ya maneno arubaini ya nyumbani. Nyumbani kurekodi haiwezekani, meli za watalii bandarini zinapiga honi utadhani zimo chumbani, kwa hiyo akenda Ruwi kwa Aziz, fundi wa sauti aliyefanya naye kazi miaka kumi na tano. Akatafuna tofaa bichi kusafisha kinywa, kama siku zote. Kisha akasimama mbele ya maikrofoni, na hapo, maskini, ile kazi ikamtawala. Aliifinya sauti, akaitafuta ilikojificha, akaitoa. Neno likitoka na mkwaruzo, analirudia. Saa tatu nzima. Shikamoo mama. Nshakuja, mama. Kunywa uji usipoe. Lala, mi nipo hapa.

"Vikohozi nivitoe?" Aziz akauliza.

"Vitoe vyote. Na pumzi zitoe. Sitaki anisikie mgonjwa."

Aziz akavitoa kimoja kimoja, kwa ustadi wake. Akamsikilizisha. "Wallahi, Bi Nasriya, umerudi miaka ishirini nyuma."

Akafurahi, tena sana. Mtu wa kazi yake afurahi na nini kingine? Mie naudhika kila nikikumbuka kwamba wote wawili walikuwa hodari kiasi kile, na hata mmoja hakusita.

Alikatwa, akakaa hospitali wiki tatu. Aliporudi, shingo kaifunika kwa mtandio. Kwa ishara akamwita Benedikta, mwanamke wa Songea anayewasaidia kumuuguza mama, akamkabidhi simu yenye yale maneno.

"Nabonyeza hapa tu, si ndiyo, madamu?" Benedikta akanong'ona.

Nasriya akatikisa kichwa kukubali. Akakaa kitandani kwa mama yake, akamshika mkono. Benedikta akabonyeza.

"Shikamoo mama. Nshakuja, mama."

Bi Hajar akainua uso. Akajitengeneza kanga kichwani, kama anavyofanya akisikia mgeni.

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

Nasriya akaubana ule mkono kwa nguvu. Benedikta, kwa kuhamanika, akabonyeza tena. "Mi nipo hapa."

"Mashallah, sauti nzuri," akasema Bi Hajar. "Bado kijana. Unamtaka Nasriya, eh? Hayupo, yumo hospitali. Ana kifua kibaya mwanangu, kikohozi hakimwachi. Akija utamjua tangu ngazini, na mie ndo namjulia hapo. Mngoje."

Nasriya akafungua kinywa. Akajaribu kukohoa. Akajaribu tena, mishipa ya uso imemsimama, na upepo ukatokea shingoni chini ya mtandio, bila sauti ya mtu yeyote. Machozi yakamdondoka juu ya mkono wa mama yake. Benedikta akageukia ukutani, ameziba mdomo kwa kiganja.

Bi Hajar akaukung'uta mkono wake uliolowa.

"Benedikta, mikono yako ina maji, umetoka kuosha vyombo? Niache, nenda kamtilie mgeni kahawa."

Nasriya akauachia mkono, akenda kutia kahawa.